"JI" YA KISWAHILI NA "SE" YA KIFARANSA

Katika insha ya mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili nilikuta sentensi hii: "Nilijiamka mapema, nikajioga na kujivaa." Kabla ya kupiga mstari mwekundu, nilikumbuka kuwa kijana huyu husoma Kifaransa pia. Kichwani mwake alikuwa na: "Je me suis levé, je me suis lavé, je me suis habillé." Kosa lake lilikuwa na mantiki, na kosa lenye mantiki huhitaji maelezo wala si wino mwekundu pekee.

Kitenzi cha kujirejelea ni kile ambacho mtenda ndiye mtendwa. "Ali amejikata" kwa Kifaransa ni "Ali s'est coupé." Hapa lugha hizi mbili zinalingana. Zinaachana katika mambo matatu.

Kwanza, umbo. "Ji" haibadiliki kwa nafsi: najiona, unajiona, anajiona, tunajiona, mnajiona, wanajiona. Kifaransa hubadilisha kiwakilishi: me, te, se, nous, vous, se.

Pili, kauli ya kutendana. "Ils se regardent" huweza kumaanisha "wanajitazama" au "wanatazamana". Muktadha ndio huamua. Kiswahili hakikubali utata huo, kwa kuwa kina kiambishi "ji" na pia kina "-ana".

Tatu, Kifaransa hutumia "se" hata pale ambapo Kiswahili hakihitaji "ji". Tazama mifano hii:
(a) Je me souviens – Nakumbuka (kauli ya kutenda).
(b) Je m'appelle Asha – Naitwa Asha (kauli ya kutendwa).
(c) Ce livre se vend bien – Kitabu hiki kinauzika sana (kauli ya kutendeka).

Kinyume chake pia kipo. "Mama amejifungua" ina "ji", lakini Kifaransa husema "a accouché" bila "se".

Funzo ni hili: kazi ambayo Kifaransa hukipa kiwakilishi kimoja, Kiswahili huigawa kati ya "ji" na mnyambuliko wa vitenzi. Kwa hivyo mtahiniwa asitafsiri neno kwa neno. Ajiulize: Nani anatenda? Nani anatendwa? Ikiwa ni yule yule, atumie "ji". Ikiwa wawili wanatendeana, atumie "-ana". Hata hivyo, vitenzi kama kuamka, kuoga na kuvaa tayari vimebeba maana ya mtu kujitendea, hivyo "ji" haina nafasi humo.

Mwalimu mwenzangu, ukiwa na wanafunzi wa Kifaransa darasani, wape zoezi hili:

Eleza tofauti ya maana kati ya sentensi hizi, kisha utaje kiambishi kinachoileta.
(i) Wachezaji wanajilaumu.
(ii) Wachezaji wanalaumiana.

Atakayejibu vyema hataandika tena "nilijiamka".