Bata wa mtoto akijeruhiwa vibaya, umtibu ama umpumzishe?

HEBU fikiria, mpenzi msomaji. Ni Jumamosi jioni, umeinjika chai, na mara mtoto wako wa miaka tisa anaingia mbio akilia, amekumbatia bata aliyelowa damu. "Mama, mbwa wamemshika Mashua!" Bata angali hai. Anahema mdomo wazi. Bawa moja linaning'inia kama nguo kwenye kamba, na mguu wa upande uo huo hauna nguvu hata kidogo.

Je, ungefanya nini?

Swali hilo lilibisha hodi nyumbani kwangu, katika mtaa mmoja wa Eastlands hapa Nairobi. Mashua hakuwa bata wa mayai wala wa Krismasi. Nyanya ya mtoto alimleta kutoka Butere ndani ya kikapu, akiwa kifaranga, na binti yetu akampa jina hilo siku alipomwona akielea katika karai la kufulia. Alikuwa wa aina ile ya bata wetu wenye uso mwekundu wa vinundu, wasiopiga kelele bali huzomea kwa pumzi tu. Kwa miaka miwili alimsubiri mwenziwe langoni kila jioni atokapo shule.

Nilimpigia simu mama mkwe. "Mchinjeni upesi, mwanangu, kabla hajafa akaharibika," akaniambia. Mume wangu naye akauliza daktari atataka pesa ngapi, ilhali karo ya muhula ilikuwa haijakamilika. Binti yetu hakuuliza chochote. Alituangalia tu, mmoja baada ya mwingine.

Hakuna kati yao aliyekosea. Mama mkwe amefuga kuku na bata maisha yake yote, na kwake kisu kikali ni huruma kuliko kumwacha ndege akigaragara usiku kucha. Ndugu zetu Waislamu nao wanajua kwamba mnyama aliyeshambuliwa na mwingine huwa halali ikiwa tu amewahiwa kuchinjwa angali hai. Lakini je, unaweza kumwekea mtoto sahani ya nyama ya rafikiye? Sisi hatukuweza.

Saa ya kwanza

Kabla hujaamua lolote, kuna mambo ya kufanya ambayo hayagharimu pesa. Mweke ndege ndani ya katoni yenye matundu, utandike kitambaa safi, kisha umfunike mahali penye giza, joto na kimya. Mshtuko huua ndege wengi ambao majeraha yao yangeweza kupona. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika kadhaa bila kuchungulia.

Usimmiminie maji mdomoni, kwani yanaweza kuingia katika njia ya pumzi. Usimpe dawa za maumivu za watu. Ukimfunga bawa, usikaze bendeji kifuani. Ndege hana kiwambo kama chetu cha kumsaidia kupumua. Kidari chake lazima kipande na kushuka ndipo hewa iingie. Pia mkinge na nzi. Mayai ya nzi katika kidonda yanaweza kuwa mabuu kabla ya siku moja kwisha.

Na usidanganywe na utulivu wake. Ndege ni windo la wengi, na ameumbwa kuficha maumivu. Bata aliyekaa kimya kabisa, macho nusu yamefungwa, hajapata nafuu. Mara nyingi amezidiwa.

Maswali ya daktari

Usiku uo huo tulimpata daktari wa mifugo. Alimgeuza Mashua taratibu juu ya meza, kisha akatueleza kwamba katika hali kama ile yeye hujiuliza maswali matatu: Je, kiungo kilichoumia kinaweza kufanya kazi tena? Je, maumivu yanaweza kutulizwa wakati wa kungoja? Na je, akipona, ataishi kama bata?

Bawa lililovunjika, alisema, peke yake si hukumu ya kifo. Bata wa nyumbani hahitaji kuruka, na mifupa ya ndege huunga haraka, aghalabu kwa muda wa wiki tatu hivi. Hata bawa likikatwa, ataishi. Tatizo ni pale mfupa wa juu wa bawa, ule wa karibu na mwili, unapotoboa ngozi. Mfupa huo una uwazi unaoungana na vifuko vya hewa vya ndege, kwa hivyo uchafu ukiingia huko unaweza kufika kwenye njia ya pumzi. Meno ya mbwa nayo huacha tundu dogo juu na uharibifu mkubwa chini, na bila antibiotiki za mapema kidonda huoza.

Mguu ni jambo jingine. Bata ni mzito, na akiegemea mguu mmoja miezi na miezi, unyayo wa pili huota vidonda visivyopona upesi. Wako waliofaulu, kweli. Huko Tennessee, Marekani, mwaka wa 2013 bata aitwaye Buttercup, aliyezaliwa na unyayo uliogeuka nyuma, alitengenezewa unyayo wa bandia kwa mashine ya kuchapisha vitu, kwa kufuata umbo la unyayo wa dadake. Lakini bata huyo alikuwa mzima kwingineko.

Daktari alifinya vidole vya Mashua. Mguu mzuri ukavutwa. Ule mwingine haukutikisika.

"Yawezekana mshipa wa fahamu umekatika, ama umebanwa na uvimbe tu," akasema. "Tumpe siku tatu na dawa ya maumivu. Mguu ukirudi, tutashughulikia bawa. Usiporudi, msiniombe siku ya nne."

Tulikubali. Ushauri huo nauona kuwa wa thamani kuliko dawa zote: weka mpaka mapema, kichwa kikiwa kimetulia, ukijua pia pesa ulizo nazo ni kiasi gani. Si aibu kumwambia daktari kiasi ulicho nacho. Aibu ni kumrudisha ndege nyumbani bila dawa wala uamuzi, eti tungoje tuone. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama bila sababu, na ndege naye ni mnyama.

Siku ya tatu

Jumapili Mashua alikula kidogo. Jumatatu alikataa. Jumanne jioni daktari alifinya vidole tena, na mguu ulikuwa umelala vilevile, baridi. Mume wangu, yule yule aliyeuliza bei, ndiye aliyeuliza kama hakuna lingine la kujaribu. Hakukuwa na lingine.

Tulimwambia binti yetu ukweli. Wazazi wengi husema "amelala" ama "amesafiri", na mtoto akaanza kuogopa kulala, ama akakaa langoni kungoja. Tulimweleza kwamba Mashua hataweza kutembea wala kuogelea tena, kwamba anaumwa, na kwamba daktari atampa sindano afe bila kusikia maumivu. Hatukumwachia mtoto uamuzi, kwani huo ni mzigo wa watu wazima. Tulimwuliza tu kama angependa kuaga. Alimlowesha kichwa kwa maji ya karai, kisha akatoka nje.

Kumbuka, msomaji, kwamba ndege aliyepewa sindano hiyo haliwi kamwe, na mzoga wake ukitupwa jalalani unaweza kuua mbwa au tai. Mwachie daktari, ama mzike katika shimo refu. Na yule anayetibiwa akapona, mayai na nyama yake visiliwe hadi siku alizotaja daktari zipite.

Kama hujui pa kwenda, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha matibabu ya wanyama huko Kabete, na KSPCA iko Karen. Hakikisha anayekuhudumia amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Mama mkwe alipiga simu usiku ule. Nilitarajia anicheke kwa kutumia pesa kwa bata. Badala yake aliuliza, "Mtoto amelia?" Nikamwambia amelia sana. "Basi mwacheni alie," akasema. "Mwingine nitamleta siku atakapomwomba mwenyewe."

Hadi naandika haya, hajamwomba. Karai liko pale pale chini ya mpapai, na hakuna aliyethubutu kulitumia kufulia.