Mutoto Wako Anakuangalia
Tukumbuke maisha ya Profesere Albert Bandura (1925–2021)



Umetoka kazini mangaribi. Mwili umechoka, kule kwenye shimo mambo haikutembea, na posho haijafika. Kwenye mulango kiti kinakuzuia njia, unakipiga teke na kukitukana. Siku mbili nyuma yake unasikia kelele inje: mutoto wako wa miaka ine anapiga kile kiti, na maneno anayosema ni yako, hata sauti ni yako. Nani alimufundisha? Hakuna. Aliona tu.

Leo tunakumbuka muzee moja mwenye alitumia karibu maisha yake yote kuchunguza jambo hili.

Mwana wa mufanyakazi wa reli

Albert Bandura alizaliwa tarehe 4 Desemba 1925 kule Mundare, kijiji kidogo cha jimbo la Alberta, katika inchi ya Kanada. Baba yake alitoka Polandi, mama yake Ukraine. Wote wawili hawakusoma masomo. Baba alifanya kazi ya kuweka reli ya treni. Wengi wetu hapa kwenye shaba, wenye babu zetu waliletwa na reli, tunaelewa ile maisha bila kuelezwa.

Masomo ya sekondari ya kijiji ilikuwa na walimu wawili tu, na vitabu vichache. Wanafunzi walilazimishwa kujitafutia elimu wao wenyewe. Wengine wangesema: basi, tumeshindwa. Bandura alisema baadaye kwamba ile shida ndiyo ilimufundisha kujiongoza.

Hata psikolojia, ni kusema elimu ya akili na mwenendo wa watu, aliikuta kwa bahati. Alikuwa anasafiri na wanafunzi wenzake wenye kuanza masomo asubuhi mapema sana. Akatafuta somo la kujaza ile saa ya bure, akakuta psikolojia, na hakuiacha tena. Katika mwaka wa 1952 alipata udaktari kwenye iniversite ya Iowa, Marekani. Mwaka wa 1953 akaingia Stanford, kule California, na alifundisha pale mpaka alipopumzika kazi katika mwaka wa 2010.

Pupe na nyundo

Katika mwaka wa 1961, yeye na wenzake wawili, Dorothea Ross na Sheila Ross, walichukua watoto 72 wa miaka 3 mpaka 6. Watoto 24 walimuona mutu muzima akipiga pupe kubwa ya kujazwa hewa: anaikalia, anaipiga ngumi kwenye pua, anaigonga na nyundo, anaitukana. Wengine 24 walimuona mutu muzima anacheza kwa utulivu. Wengine 24 hawakuona mutu.

Kisha kila mutoto aliingizwa pahali penye ile pupe. Wale wenye kuona mapigo walirudilia mapigo yale yale, na maneno yale yale. Lakini hakuna mutu aliyewaambia wafanye vile.

Kweli, wataalamu wengine walipinga: pupe ile ilitengenezwa kwa kupigwa, walisema, na kupiga pupe si kupiga mutu. Ni neno la haki. Lakini katika mwaka wa 1965 Bandura alionyesha jambo lingine. Watoto wenye kuona mupigaji anaazibiwa waliiga kidogo. Kisha walipoahidiwa zawadi, walionyesha kwamba walishika sawa na wengine. Basi mutoto anaweza kunyamaza leo, na kumbe somo limekwisha kuingia.

Kuona kunaponyesha pia

Musomaji, usiogope. Jicho lenye kujifunza ubaya linajifunza uhodari vilevile. Bandura alisaidia watu wenye kuogopa nyoka sana. Kwanza wanaona mwingine anamushika nyoka, kisha wanakaribia polepole, wakisaidiwa, mpaka wanamugusa wao wenyewe. Woga ulipotoka, wengi walianza kujaribu mambo mengine tena yenye walikuwa wanaogopa. Toka pale, katika mwaka wa 1977, akaandika juu ya nguvu ya mutu kuamini: «Mimi naweza kufanya jambo hili.» Mutu anapata ile imani akifaulu mambo madogo, na akiona mutu kama yeye anafaulu.

Mafundisho yake yalifika hata katika luga yetu. Toka mwaka wa 1993, radio ya Tanzania ilipitisha muchezo «Twende na Wakati». Ndani yake kulikuwa Mkwaju, shofere wa kamioni mwenye kutembea na wanawake wengi mpaka akakamatwa na SIDA. Wasikilizaji walijiona ndani yake. Watu wengi walisikia, na waliongea juu yake nyumbani na mabibi na mabwana zao.

Profesere Bandura alikufa tarehe 26 Julai 2021, na miaka 95. Mwana wa muweka reli alipokea medali ya sayansi toka mukono wa Rais Obama katika mwaka wa 2016.

Wewe hauna medali, musomaji. Lakini una macho madogo yenye kukufuata kila mangaribi. Leo ukirudi na hasira, simama kidogo mbele ya mulango.

Kwa kuzungumuza nyumbani:
1. Watoto wetu wanaona nini kwetu wakati feza imekosa?
2. Katika video na simu wanamuona nani, na anafanya nini?
3. Ni mutu gani wa mutaa wetu tunataka wamuige, na juu ya nini?