Kitenzijina na Mipaka ya Nomino: Namna Maneno ya Aina Nyingine Yanavyotumika kama Nomino katika Kiswahili

Vitabu vingi vya sarufi ya Kiswahili huifasili nomino kuwa ni neno linalotaja mtu, kitu, mahali au dhana. Fasili hii ni ya kimaana, na humfaa mwanafunzi wa shule ya msingi kuliko mtafiti, kwani haimsaidii kuamua maneno yenye ku- katika sentensi zifuatazo yawekwe katika aina gani:

(1) Kusoma kwa Asha kunapendeza.
(2) Asha aliingia darasani na kusoma.
(3) Kutovisoma kwake vitabu hivyo kuliwaudhi walimu.

Katika (1), kusoma ni kiima, kimilikishi chake kina upatanisho wa ku-, na kitenzi kunapendeza kimefuata upatanisho huohuo. Ndiyo maana Ashton (1944) aliihesabu KU- miongoni mwa ngeli za nomino. Katika mfumo wa nambari unaotumika kwa lugha za Kibantu, ni ngeli ya 15. Katika (2) hali ni nyingine. Hatuwezi kusema *Asha aliingia darasani na kusoma kwake tukabaki na maana ileile, kwa kuwa hapa ku- inashika nafasi ya nafsi na wakati ambavyo vimekwisha kutajwa katika kitenzi cha kwanza: na kusoma ni sawa na akasoma. Mtafiti anayehesabu nomino katika matini kwa kufuata umbo peke yake atazijumlisha (1) na (2), na jedwali lake litabeba kosa ambalo msomaji hana njia ya kuligundua.

Mfano wa (3) ndio mgumu zaidi. Tukilitazama neno kutovisoma kwa nje, ni nomino: lina kimilikishi kwake na linatawala upatanisho wa kuliwaudhi. Tukilitazama kwa ndani, ni kitenzi: lina kikanushi -to-, lina kiambishi cha yambwa -vi-, na linafuatwa na yambwa yenyewe bila kiunganishi cha a-unganifu. Wapo wanaolazimisha jibu moja. Kwa maoni yetu swali hilo limeulizwa vibaya, kwa sababu kila upande wa neno hili unajibu swali lake: muundo wa ndani ni wa kitenzi, na uamilifu wake katika sentensi ni wa nomino.

Tofauti inaonekana wazi tukililinganisha na usomaji. Tunasema kusoma vitabu, lakini ni usomaji wa vitabu. *Usomaji vitabu haikubaliki. Tunasema kutosoma, lakini hakuna *utosomaji. Hapa kitenzi kimevuka mpaka kikamilifu na kuacha mizigo yake nyuma.

Hata hivyo, si kila nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi huiacha yambwa. Nomino za mtenda zinazoishia kwa -a huibakiza: mchunga ng'ombe, mvunja sheria, mpita njia. Zinazoishia kwa -ji huhitaji a-unganifu: mchungaji wa ng'ombe, mvunjaji wa sheria. Aghalabu ni hizi za -ji zinazosimama peke yake na kupata maana mpya, kama mchungaji alivyopata maana ya kiongozi wa kanisa. Mchunga peke yake humwacha msikilizaji akingoja kitu kinachochungwa.

Mzizi -tum- unaonyesha vizuri jinsi kiambishi tamati kinavyoamua nomino itamtaja nani. Mtumaji ni anayetuma. Mtume ni aliyetumwa, kwa kiambishi -e kilichomo pia katika kiumbe na mteule. Mtumwa naye, kwa umbo, ni aliyetumwa, kwa kuwa limetokana na kauli ya kutendwa. Lakini historia imelipeleka neno hilo kwenye utumwa, mbali kabisa na utume. Mtumishi limetoka katika tumika, ambapo k imegeuka sh mbele ya -i kama katika pika na mpishi, au andika na mwandishi. Mtumiaji limetoka katika tumia. Mofolojia inaeleza maumbo haya yote, lakini haielezi kwa nini mtume na mtumwa, ambao wote wametumwa, wana hadhi zinazotofautiana kiasi hicho. Kwa hilo mchambuzi hana budi kutoka nje ya sarufi.

Vitenzi vya asili ya Kiarabu kwa kawaida havifuati njia hii ya -i na mabadiliko ya konsonanti. Safiri hutoa msafiri kwa kiambishi awali tu, na hesabu ni kitenzi na nomino bila kuongezwa chochote.

Vivumishi navyo vinahitaji uangalifu. Katika Vikubwa vimeuzwa, neno vikubwa limeshika nafasi ya kiima, lakini linaitegemea nomino iliyoachwa, tuseme vikapu. Asiyejua mazungumzo yalianzaje hataelewa ni nini kilichouzwa. Wagonjwa wamefika haina utegemezi huo. La kwanza ni kivumishi kilichoachiwa nafasi, la pili limekwisha kuwa nomino.

Wakati mwingine kirai kizima huganda. Chakula ni cha kula, yaani kitu cha kula, na leo lina wingi wake vyakula na vivumishi vyake: vyakula vitamu. Hata neno la kukanusha hupokea kimilikishi na upatanisho wa ngeli ya 9, kama katika Hapana yake ilinishtua, au kielezi katika kesho yetu. Maneno haya hayakuongezewa kiambishi chochote. Ni yake, yetu na i- ya ilinishtua zinazotujulisha kwamba yamekuwa nomino.