Mchango Wetu kwa Chumba cha Dharura: Fedha Ianzie Wapi?



Katika vilima vyetu vya Masisi, mtu akifunikwa na udongo shimoni hatuulizi kwanza yeye ni nani. Vijana wanakata miti, wanafunga tipoyi, wanapokezana mabegani mpaka barabara ya Mushaki. Moyo huo huo unaonekana hospitali inapotaka kutengeneza upya chumba cha dharura: huyu anatoa franka, huyu mbao, huyu siku moja ya kubeba mchanga.

Msaada wa namna hiyo una nguvu. Mwezi wa Januari 2002, lava ya Nyiragongo iliharibu sehemu kubwa ya hospitali ya DOCS mjini Goma. Wafadhili walisaidia, ikajengwa upya, na leo inaitwa HEAL Africa.

Lakini tipoyi ikifika mlangoni, ndani kuna nini?

Miaka iliyopita nilimpeleka mfanyakazi mmoja hospitalini usiku. Jiwe lilikuwa limembana kifua. Chumba kilikuwa kimetoka kutengenezwa kwa michango ya watu: rangi mpya, sakafu yenye kung'aa. Mashine ya oksijeni ilikuwapo pia. Ila umeme ulikatika, na jenereta haikuwa na mafuta. Ndugu yule alifariki kabla ya mapambazuko. Siwezi kuapa kwamba oksijeni ingemwokoa. Najua tu kwamba hakuipata.

Tuelewe sababu. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika chache. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, damu yaweza kumwisha mtu kabla mganga hajavaa glavu. Kwa hiyo kazi ya chumba cha dharura ni kulinda pumzi na damu ya mgonjwa mpaka matibabu mengine yafuate. Fedha ya mchango ifuate kazi hiyo:

1. Mtu wa kupanga wagonjwa mlangoni. Mwekundu anaingia mara moja, wa manjano anatangulia wengine, wa kijani anangoja. Anayepiga kelele si lazima awe ndiye mgonjwa zaidi. Aliyenyamaza huenda anakufa.

2. Kitanda kimoja cha kuokoa maisha, kisicholaliwa na mgonjwa wa kawaida, chenye vyombo vyote karibu na mkono.

3. Oksijeni pamoja na umeme wake. Mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani haifanyi kazi bila umeme. Anayetoa mashine afikirie pia mafuta, au sahani za jua na betri.

4. Maji safi, sabuni na taa.

5. Damu. Haitengenezwi kiwandani; inatoka mwilini mwa mtu. Ni lazima ipimwe Ukimwi, homa ya ini ya B na C, na kaswende, kisha itunzwe katika friji yake. Mwanaume mwenye afya aweza kutoa kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Asiye na franka anaweza kuchangia hapa.

6. Mafunzo ya wauguzi.

Rangi ya ukuta ije baada ya hayo.

Mambo haya yamejaribiwa. Katika hospitali za Mubende na Kawolo, Uganda, Shirika la Afya Duniani lilisaidia kuweka mpango wa kupanga wagonjwa, sehemu maalum ya kuokoa maisha, orodha za kukumbusha kazi na mafunzo. Hayakuwa mambo ya gharama kubwa, lakini vifo vya magonjwa ya dharura yaliyofuatiliwa vilipungua karibu nusu. Kule Dar es Salaam, idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010 kwa msaada wa Abbott Fund ya Marekani pamoja na serikali ya Tanzania. Hawakuishia kwenye jengo: mwaka ule ule masomo ya waganga bingwa wa dharura yalianzishwa.

Na fedha yenyewe ilindwe. Wachaguliwe watu watatu: mmoja ashike kitabu, mmoja ashike fedha, mmoja akague. Hesabu isomwe mbele ya wote, kama tunavyofanya katika likilimba zetu. Tena tusimalize yote siku ya uzinduzi. Sehemu ibaki kwa mafuta na matengenezo ya kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kinachovuja hakijai.

Ndugu, siku ukiombwa mchango, toa kwa furaha, kisha uliza bila haya: usiku wa manane, umeme ukikatika, mashine ya oksijeni itawaka?

Na mchango wa kwanza kabisa uko shimoni: usiingie mahali udongo umelowa mvua wala pasipo miti ya kuushikilia. Chumba cha dharura ni chetu sote, lakini ni heri tukijenge na tusikihitaji.