Hesabu midomo, si lita: Skima ya tangi la maji chumvi ilivyonifunza adabu Kericho

SIMU ililia saa kumi na moja alfajiri. “Kijana, njoo. Maji yananuka.”

Mzee hakuongeza neno. Nilidandia bodaboda kutoka Kapsoit, ukungu umefunika majani chai pande zote za barabara, nikafika mkahawani kwake mjini Kericho meno yakigongana. Tangi la lita 1,000 lilikuwa limegeuka jeupe kama maziwa. Samaki tisa walikuwa wakielea. Wawili walikuwa juu kabisa, midomo nje, wakitafuta hewa.

Mzee alifanya kazi Mombasa miaka mingi, na alipostaafu alitaka kipande cha bahari huku milimani. Mimi ndiye niliyemwambia inawezekana. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani, nikajifunza mambo ya matangi kwa kutazama video. Hii ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa. Na kosa lilikuwa langu: nilichagua skima kwa kusoma katoni.

Skima hufanya nini?

Kama umewahi kuchemsha maharagwe, unalijua lile povu la kijivu linalopanda juu ya sufuria. Mama huliondoa kwa kijiko. Skima ya protini hufanya kazi hiyohiyo bila kupumzika. Pampu yake huvuta hewa na kuikatakata iwe viputo vidogo sana ndani ya maji. Ute wa samaki, kinyesi kilichoyeyuka na mabaki ya chakula hunata kwenye viputo, vikapanda kwenye shingo ya mtambo na kumwagika katika kikombe cha juu. Kinachojaa pale kinafanana na strungi, ila ukinusa utakimbia.

Faida ni kwamba uchafu unatoka kabla haujaoza na kuwa amonia, sumu inayoua samaki. Chumvi ndiyo inayosaidia viputo kubaki vidogo na povu kusimama. Kwa hivyo kama unafuga tilapia kwenye kidimbwi kule Bomet, usipoteze pesa zako hapa.

Katoni haijui samaki wako

Katoni yangu iliandikwa lita 1,000. Tangi lilikuwa lita 1,000. Nikaona hesabu imeisha.

Kumbe ile namba ni makadirio ya mtengenezaji, na mara nyingi huwaza tangi lenye samaki wachache. Mzee alikuwa na samaki 11 wakubwa, na wateja walikuwa wakiwatupia vipande vya chapati. Lita hazichafui maji, midomo ndiyo huchafua. Samaki wakiwa wachache na wadogo, skima inayolingana na tangi inatosha. Wakiwa wengi na wanakula sana, tafuta iliyoandikwa mara moja na nusu hadi mara mbili ya lita zako. Lakini usirukie jitu pia: shingo ikiwa pana na uchafu ni kidogo, povu halipandi hadi kikombeni.

Muulize muuzaji maswali mawili: shingo ina upana gani, na pampu inavuta lita ngapi za hewa kwa saa? Akikosa jibu, endelea na safari.

Hewa ya milimani

Video nyingi nilizotazama zilirekodiwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Kericho iko takriban mita 2,000 juu. Shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa, na maji nayo hubeba oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Kwa hivyo skima hapa si fagio tu, ni pua ya tangi.

Kuna na hii baridi yetu. Tunafunga madirisha, watu wanapumua, jiko linawaka, kaboni dioksidi inajaa chumbani. Skima inaivuta na kuiingiza majini, na maji yanaanza kuwa na asidi. Dawa ni rahisi: pitisha mpira wa hewa wa skima hadi nje ya ukuta, mbali na moshi na dawa ya mbu.

Stima ikipotea

Usiku ule stima ilipotea kwa saa sita baada ya radi. Skima ndogo ilikuwa tayari imeacha uchafu mwingi majini, bakteria wakajaa na kunyonya oksijeni. Pampu ziliponyamaza, samaki hawakuwa na akiba yoyote.

Leo nikichagua skima naanza na waya wake. Iwe ya volti 220 hadi 240 na hezi 50. Ukiletewa mtumba wa Marekani wa volti 110 na hezi 60, ukiichomeka hivyohivyo itaungua. Hata ukiipitishia transfoma, nyingi zitazunguka polepole kuliko zilivyokusudiwa. Ukiweza, nunua yenye pampu ya volti 12 au 24, kwa sababu ni rahisi kuiunganisha na betri. Usiposhiba mfukoni, angalau weka pampu ndogo ya hewa ya betri kando.

Piga pia hesabu ya tokeni. Pampu ya wati 40 ikikesha na kushinda hula karibu uniti moja kwa siku, yaani kama 29 kwa mwezi.

Halafu pima kabati. Acha nafasi ya kuinua kikombe, na kina cha maji mahali skima inaposimama kiwe kile kilichoandikwa kwenye maelezo yake, kisipande wala kushuka. Kikombe kioshwe kwa maji matupu: sabuni kidogo tu na povu litafurika hadi sakafuni. Mafuta ya kukaangia nayo huliua povu, kwa hivyo tangi likae mbali na chipsi.

Wale wawili

Nilimwambia mzee ukweli: nilinunua kitu nisichokielewa. Alinyamaza, akanikata malipo ya miezi miwili, kisha akanimiminia chai. “Na hawa wawili?” akauliza.

Waliishi. Tulibadilisha nusu ya maji, zaidi ya kilo 17 za chumvi, tukaleta skima mpya. Ilichukua karibu wiki mbili kutulia na kutoa povu zito, kwa hivyo yako ikisuasua siku za kwanza usiipige teke. Sasa tangi lina samaki watano, na chapati imepigwa marufuku.

Juzi simu ililia tena alfajiri. Moyo ukanidunda.

“Kijana, kikombe kimejaa. Nimekimwaga mwenyewe. Lala.”