Patasi ya Milimita Moja Haiuzwi Katika Kila Duka

Chukua mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigwa misumari. Ukiunda mfano wake kwa kipimo cha moja kwa 50, patasi ya milimita 6, ambayo fundi wa milango huiita ndogo, inakuwa sawa na kuchimba shimo la sentimita 30 katika chombo chenyewe. Hapo muundaji hana budi kujitengenezea zana, na chuma chake kimelala kwenye takataka za karakana.

Kipande cha msumeno wa chuma uliovunjika hutoa kisu kizuri. Epuka tu ule unaopindika bila kukatika: ugumu wake uko kwenye meno peke yake, mgongo haushiki makali. Saga polepole, ukichovya majini kila mara, kisha malizia kwenye kinoo. Ubavu wa mwavuli, ambao tayari una mfereji, ukinolewa ncha unakuwa bobari ya kuchongea mikunjo.

Kazi tamu hasa ni patasi ya shazia, ile sindano ya kushonea magunia. Ipashe ncha kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, iache ipoe yenyewe, chuma kilainike. Hapo tupa itaila upendavyo. Ukishapata umbo, ipashe tena. Kipimo chako ni sumaku: chuma kikifika takribani nyuzijoto 770 sumaku haikishiki tena. Kiongezee moto kidogo, kisha kitumbukize kwenye mafuta. Sasa ni kigumu lakini kitavunjika kama kioo. Kisugue kwa msasa king'ae, ukipashe taratibu kuanzia upande wa mpini, ukiangalia rangi ikitembea kuelekea ncha. Manjano ya majani makavu yakifika kwenye makali, zima upesi. Ukisubiri buluu, umechelewa. Makali yatajikunja kwenye mti mgumu.

Mpini? Kijiti chochote cha mpera kinatosha. Wanaohangaika na mipini ya mapambo mara nyingi hawamalizi chombo.

Kwa matundu ya kamba, vunja sindano ya kawaida katikati ya jicho, ukiwa umevaa miwani, na izungushe kwa vidole. Meno mawili yaliyobaki hutoboa vizuri, ila hayadumu, na mtepe una mamia ya matundu. Nunua pakiti nzima.