Kabla ya Kumpeleka Mama Nairobi

Mara nyingi kikao cha familia huitishwa baada ya mama kupotea. Ametoka alfajiri na mtungi mkononi, akifuata njia ya mto wa mchanga ambako alichota maji alipokuwa mke kijana. Vijana wa bodaboda wamemkuta saa sita jua likiwa utosini, kando ya barabara ya lami ya Kibwezi–Mutomo–Kitui, hana viatu, hawezi kutaja jina la mwanawe. Jumamosi inayofuata watoto wanafika nyumbani Mutomo: mmoja kutoka Nairobi, mwingine Mombasa, wa tatu anasikiliza kwa simu kutoka Qatar. Mke wa kitinda mimba, ambaye ndiye anayeishi na mama, ameketi karibu na mlango, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Chai haijaisha, mmoja anasema: "Tumtafutie nyumba ya wazee."

Kauli hiyo ni nzito Ukambani, na wengi huipinga papo hapo kwa sababu ya aibu. Majirani watasema nini? Padri atasema nini? Lakini aibu haimbadilishi mama nguo usiku wa manane. Anayebadilisha ni yule mwanamke aliye karibu na mlango, na katika vikao vingi yeye ndiye wa mwisho kuulizwa. Familia inayotaka kuamua kwa haki ianze naye. Analala saa ngapi? Mama amewahi kumpiga? Akiugua yeye, nani atashika zamu?

Halafu kuna jambo ambalo linapaswa kutangulia mjadala wowote wa nyumba, nalo hurukwa sana: kupimwa. Demensia ni hali inayoletwa na maradhi ya ubongo, hali inayokula kumbukumbu, lugha na uamuzi, na Alzheimer ndiyo inayoisababisha zaidi. Si sehemu ya kawaida ya uzee. Na si kila mzee aliyechanganyikiwa ana demensia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya koo isiyofanya kazi vizuri, msongo mkubwa wa mawazo baada ya kufiwa, damu iliyovuja taratibu ndani ya fuvu baada ya kuanguka, hata maambukizi ya njia ya mkojo, vyote vinaweza kumfanya mtu mzima asitambue nyumba yake. Vingi kati ya hivyo vinatibika. Mutomo ina hospitali ya misheni ya Our Lady of Lourdes, chini ya Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Kitui, iliyopo tangu miaka ya 1960. Vipimo vya damu na mkojo na shinikizo la damu ni pa kuanzia, na daktari ataeleza kama kuna haja ya kwenda mbele zaidi. Kumpeleka mama mbali na kwake kwa ugonjwa ambao ungetibiwa kwa dawa za wiki moja ni dhuluma, hata ikifanywa kwa upendo.

Kumpima mzee ambaye hakwenda shule kunataka ustadi wake. Vipimo vingi vya nchi za Magharibi humtaka mgonjwa achore saa au aandike sentensi. Mama ambaye hakuwahi kushika kalamu atashindwa hata kama akili yake ni timamu. Wataalamu waliofanya kazi wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kifupi kinachoitwa IDEA kwa ajili ya wazee wa Afrika. Mzee anaulizwa leo ni siku gani. Anatakiwa kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anasomewa maneno 10, na baadaye anaulizwa ni yapi anayakumbuka. Kisha njiti za kiberiti zinapangwa mezani kwa umbo fulani, naye anaambiwa apange zake vivyo hivyo. Huko Hai, utafiti uliofanywa mlango kwa mlango ulikuta demensia kwa watu takriban 6 katika kila 100 waliotimiza miaka 70. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi na hali hiyo duniani, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mutomo haiko peke yake, ingawa mama akipotea huonekana kama balaa lililoshuka kwa nyumba moja tu.

Balaa, kwa maana wengi bado hutafuta aliyemroga. Mjini Wote na vijijini Makueni, Wakfu wa Utafiti na Mafunzo ya Afya ya Akili Afrika ulioanzishwa na Prof David Ndetei umekuwa ukiutazama kwa karibu unyanyapaa unaoifuata demensia, na watafiti wake, akiwemo Dkt Christine Musyimi, waliona ni busara kuwahusisha waganga wa kienyeji na viongozi wa dini, kwa sababu hao ndio familia huwakimbilia kwanza. Imani hizi si mzaha. Kilifi, wazee wanaotuhumiwa uchawi wamelazimika kukimbilia Kaya Godoma huko Ganze ili wasiuawe. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma kama hizo. Mama anayezurura usiku akiongea peke yake yuko hatarini mahali ambapo hakuna aliyeeleza kijiji kuwa anaumwa. Kwa baadhi ya familia, hiyo peke yake ni sababu halali ya kumhamisha.

Sasa, ahamie wapi? Nyumba zinazojulikana zaidi ziko Nairobi na pembezoni mwake. Nyumba ya Wazee ya Kasarani inaendeshwa na masista wa Little Sisters of the Poor, shirika lililoanzishwa Ufaransa na Jeanne Jugan mwaka 1839. Mji wa Huruma, huko Runda, uko chini ya Kaunti ya Nairobi. Nyumba za namna hii zilianzishwa kwa ajili ya wazee maskini au wasio na mtu; mama mwenye watoto watatu wenye kazi huenda asipate nafasi, na ni haki hivyo. Zinabaki nyumba za kulipia, ambazo zimeongezeka Nairobi na Kiambu, na ada yake kwa mwezi hufika makumi ya maelfu ya shilingi. Fedha za Inua Jamii, ambazo Serikali huwapa wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa mtu wa Mutomo, basi, kuchagua nyumba ya wazee ni kuchagua umbali: nauli, siku nzima barabarani, na ziara zinazopungua kila mwaka.

Umbali huo una gharama nyingine ambayo wenye nyumba hawaiandiki kwenye orodha ya ada. Demensia inapozidi, lugha alizojifunza mtu ukubwani huwa zinatangulia kupotea, na ile ya kwanza hubaki. Mama aliyeuza sokoni kwa Kiswahili kwa miaka 40 anaweza kuamka siku moja akiwa na Kikamba tu. Akiwa Kiambu, katika nyumba ambayo wahudumu hawakijui, atasema ana kiu na hakuna atakayeelewa. Atasema anaumwa jino, ataonekana mkorofi. Na mzee anayeonekana mkorofi hupewa dawa ya kumlaza. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa la kumuuliza msimamizi ni hili: nani hapa anazungumza Kikamba, na yuko zamu saa ngapi? Kama jibu ni mpishi mmoja anayeondoka saa kumi jioni, watoto wamekwisha kujibiwa.

La pili ni usiku. Wagonjwa wengi wa demensia huzidiwa jua linapozama: wanahangaika, wanataka kwenda kwao, wanatafuta watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Nyumba inayong'aa saa nne asubuhi wageni wakiwepo huenda usiku ina mhudumu mmoja kwa wazee 20. Watoto waende bila taarifa, mara moja wakati wa chakula cha jioni. Watazame kama wazee wasioweza kujilisha wanalishwa au sahani zinaondolewa zikiwa zimejaa. Wasikilize kama mtu anaitwa kwa jina lake. Wanuse vyumba. Waangalie viti: kuna mzee aliyefungwa kwa kitambaa kiunoni? Waulize wazee hupimwa uzito lini, na waombe kuonyeshwa daftari, maana mtu anayekonda mwezi baada ya mwezi ni mtu ambaye hakuna anayemlisha.

Dawa zinataka maswali yake. Zile za kutuliza wagonjwa wa akili hutumiwa sana kuwanyamazisha wazee wenye demensia, ingawa tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kuwa zinaongeza hatari ya kifo kwa wagonjwa hawa. Zina mahali pake, kwa muda mfupi na chini ya daktari. Nyumba isiyoweza kusema ni daktari gani aliyeandika dawa, na kwa sababu ipi, haifai. Yeyote anayedhani haya ni kutilia chumvi akumbuke uchunguzi wa BBC Africa Eye wa mwaka 2022, ambao kwa kamera ya siri ulionyesha wazee wakiteswa na kupuuzwa katika nyumba moja nchini Kenya.

Kuna jambo ambalo mpishi wala daktari hawezi kulijua familia isipolisema. Kumbukumbu ya mikono hudumu muda mrefu kuliko kumbukumbu ya majina. Mwanamke wa Mutomo ambaye hamtambui tena binti yake akiwekewa nyuzi za mkonge mapajani huenda akaanza kuzisokota: anavuta nyuzi mbili, anaziviringisha kwa kiganja juu ya goti, anaunganisha, anavuta nyingine. Kiondo chenyewe huenda kisikamilike, rangi zikachanganyika, lakini kwa nusu saa hahangaiki na wala hatafuti mlango. Nyumba nzuri itauliza kuhusu mkonge. Itauliza kama anapenda muthokoi au uji, kama alikuwa akisali rozari, kama hupenda kuota jua asubuhi. Isiyouliza lolote zaidi ya nani atalipa ada imejieleza vya kutosha.

Uholanzi, katika mji wa Weesp, walijenga Hogeweyk, kijiji kilichofunguliwa mwaka 2009 kwa ajili ya watu wenye demensia tu: nyumba ndogo ndogo, duka, bustani, njia za kutembea bila kupotea. Dunia nzima imekwenda kujifunza. Na Kitui yenyewe ina somo lake, lililo karibu zaidi. Huko Kwa Vonza kuna Nyumbani Village, wazo la Padri Angelo D'Agostino, Mjesuiti kutoka Marekani aliyefariki Nairobi mwaka 2006. Katika ekari takriban 1,000, watoto waliofiwa na wazazi kwa Ukimwi wanaishi na mabibi na mababu ambao nao walipoteza wana wao, kila mzee na watoto kadhaa chini ya paa moja. Si nyumba ya demensia, na wala haidai hivyo. Ila inaonyesha kuwa mzee wa Ukambani anaweza kutunzwa Ukambani, akiwa na shamba mbele yake na sauti za watoto, kwa mpango wenye fedha na usimamizi.

Hilo ndilo linalokosekana Mutomo: mpango. Ardhi ipo, watu wapo, hospitali ipo. Pengo la pesa nalo si kubwa kama linavyodhaniwa, kwa kuwa ada ya mwezi mmoja ya nyumba ya kulipia ingetosha mara nyingi kumlipa mama wa jirani alale na mgonjwa usiku, kuweka uzio na lango lenye komeo, na kununua nepi za watu wazima. Ndugu wakichanga hivyo kwanza, kwa miezi mitatu, wataona kama nyumba ya wazee bado inahitajika. Wakati mwingine itahitajika. Mgonjwa anayepiga, anayetoroka kila usiku, au ambaye hana kabisa mtu wa kuishi naye, anaweza kuwa salama zaidi mikononi mwa waliofunzwa, na hakuna anayepaswa kuitwa msaliti kwa kukubali hivyo.

Mambo ya karatasi yasisahaulike. Mama asilazimishwe kutia dole gumba kwenye hati ya shamba asiyoielewa. Sheria ya Afya ya Akili inaipa mahakama uwezo wa kumteua msimamizi wa mali ya mgonjwa. Mkataba na nyumba ya wazee useme wazi nani anapigiwa simu mama akizidiwa, anapelekwa hospitali gani, na akifa nani anagharimia safari ya kumrudisha kuzikwa kwao.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kutunzwa na familia zao na Serikali, vyote viwili. Afya ya msingi ni kazi ya kaunti. Katika Hai, vikao 14 vya vikundi, mara mbili kwa wiki kwa wiki saba, vya mazungumzo, nyimbo na michezo ya kuichangamsha akili, viliwaletea nafuu wazee wenye demensia, bila mashine wala dawa ghali. Elizabeth Mutunga, mwanasaikolojia aliyeanzisha shirika la Alzheimer's & Dementia Organization Kenya baada ya babake kuugua, amekuwa akizikutanisha familia ili zisibebe mzigo huu peke yake. Kaunti za Kitui na Makueni zinaweza kuanza na ukumbi mmoja wa kanisa Mutomo na mwingine Wote, siku mbili kwa wiki, na muuguzi mmoja aliyefunzwa kila mahali. Waheshimiwa wa mabunge ya kaunti hizo mbili waweke fedha hizo kwenye bajeti ijayo, ili mke wa kitinda mimba apate angalau siku mbili za kulala.